Kivuli Kisicho na Miguu

Mwaka 1918 Katherine Dreier, mchoraji na mlezi wa wasanii mjini New York, alitaka picha ya kuweka juu ya makabati ya vitabu katika maktaba ya nyumbani kwake. Nafasi yenyewe ilikuwa ya shida: karibu mita 3 kwa upana, na sentimita 70 tu kwenda juu. Kazi akampa rafiki yake Marcel Duchamp, Mfaransa aliyehamia Marekani mwaka 1915 wakati Ulaya inawaka vita. Kumpa Duchamp kazi ya rangi wakati ule kulikuwa sawa na kumwagizia samaki mvuvi aliyekwisha kuuza ngalawa yake. Kwa takriban miaka minne hakuwa ameshughulika na picha ya rangi za mafuta juu ya kitambaa. Alikuwa akinunua vitu dukani, anaviandika jina, anavitia sahihi, na kuviita sanaa.

Chumba chake kilikuwa katika jengo namba 33, mtaa wa 67 Magharibi. Picha zilizopigwa humo miaka hiyo zinaonyesha vitu vyake vikining'inia darini: koleo la kuzolea theluji, kitundikio cha kofia chenye mikono iliyopinda, vyote hewani, mbali na kazi vilivyoundiwa. Koleo lililotundikwa halizoi kitu, wala kitundikio kilichotundikwa hakitundikiwi kofia. Sababu ya kuvipandisha huko huenda ilikuwa ndogo tu, kwamba sakafuni nafasi ilikuwa finyu na vitu ni vingi. Lakini taa ilipowashwa usiku, chumba kilijaa vivuli, na Duchamp akaanza kuvitazama kuliko alivyovitazama vitu vyenyewe. Mwaka huohuo alivipiga picha: ukuta, na juu yake vivuli vya vitu vyake, vitu vyenyewe havimo.

Kwa ajili ya Dreier alichukua njia hiyohiyo. Aliacha vivuli viangukie kitambaa, akavifuata kwa penseli, kisha akavijaza rangi nyepesi ya kijivu. Upande mmoja kuna gurudumu la baiskeli, upande mwingine kitundikio cha kofia, na katikati kizibuo cha chupa kilichonyooshwa na mwanga hadi kikawa kirefu kupita kiasi. Hicho kizibuo kina kisa chake. Gurudumu tunalijua, na kitundikio tunakijua, kwa kuwa vilipewa majina na kuonyeshwa. Kizibuo hakijulikani kuwa kiliwahi kuonyeshwa mahali popote. Kimeishi zaidi ya miaka 100 kama kivuli peke yake.

Picha hiyo, aliyoiita *Tu m'*, ina michezo mingine. Kuna mpasuko uliochorwa kwa ustadi, nao umebanwa kwa pini za kweli. Kuna mkono unaonyoosha kidole, ambao Duchamp hakuuchora. Alimlipa mchoraji wa mabango, naye akatia sahihi yake ndogo, A. Klang. Kuna brashi halisi ya kuoshea chupa iliyochomekwa kwenye kitambaa na kutokeza mbele, na kwa kuwa ni kitu halisi, huangusha kivuli halisi juu ya vivuli vilivyochorwa. Kivuli hicho huhama kila taa ya chumba inapohamishwa. Vile vingine vimekaa palepale tangu 1918. Hiyo ndiyo ikawa picha yake ya mwisho ya rangi juu ya kitambaa. Dreier aliiweka maktabani mwake, na baada ya kifo chake ikaenda Chuo Kikuu cha Yale, iliko hadi leo.

Hapa inafaa kusimama kidogo, maana jambo la kutundika linaonekana dogo kuliko lilivyo. Kitu kilichosimama ardhini kina kivuli kilichofungwa miguuni. Watu wa mwambao wanakijua kivuli cha namna hiyo vizuri, kwani ndicho kilichokuwa saa: kijiti husimikwa uani, na kivuli chake kikishafikia urefu wa kijiti, ukiongeza kile kilichobaki adhuhuri, wakati wa alasiri umeingia. Kijiti na kivuli havitengani. Ukifuata kivuli kwa jicho, mwisho utafika kwenye kijiti. Lakini kitu kikipandishwa hewani, kivuli hukatika. Huanguka ukutani au sakafuni peke yake, mbali na mwenyewe, na mtazamaji hana mahali pa kuanzia. Tena uzi unaoshikilia kitu hicho hauleti kivuli cha maana, kwa sababu ni mwembamba kuliko taa yenyewe. Mwanga huupita pande zote mbili na kuufuta kabla haujafika ukutani. Kitu huonekana kimeshikwa, kivuli chake huonekana kinaelea.

Sanaa ya vivuli ilikuwapo zamani kabla ya hapo. Wajava walikuwa na wayang, sanamu za ngozi zilizotobolewa. Waturuki walikuwa na Karagöz wao. Na Paris yenyewe, kati ya 1886 na 1897, watu walijazana katika kilabu cha Chat Noir mtaani Montmartre kutazama vibati vya zinki vya Henri Rivière vikipita mbele ya taa. Katika michezo hiyo yote kulikuwa na pazia. Kwa kawaida aliyeshika sanamu alikaa nyuma, watazamaji mbele, na ilikuwa adabu ya mchezo kwamba kitu kisionekane, kionekane kivuli. Duchamp na wenzake waliondoa pazia. Kitu na kivuli vikawekwa chumba kimoja, mwanga mmoja, macho ya watu yakivitazama vyote viwili kwa pamoja. Tangu hapo likazuka swali ambalo wasanii waliofuata walilijibu kila mmoja kwa namna yake: kati ya hivi viwili, kipi ndicho kazi, na kipi ni chombo cha kazi?

Duchamp alikuwa na jibu la kichwa zaidi kuliko la mkono. Katika maandishi yake, aliyoyatoa hadharani mwaka 1966, aliwaza hivi: ikiwa kitu chenye vipimo vitatu huangusha kivuli chenye vipimo viwili, basi pengine vitu tunavyovishika ni vivuli vya kitu chenye vipimo vinne tusichoweza kukiona. Wanahesabu wa wakati wake walikuwa wakilijadili wazo hilo kwa fomula. Yeye alilipima kwa koleo la theluji.

Agosti 1918 alipanda meli kwenda Buenos Aires. Mizigoni alikuwa na sanamu iliyokunjika: vipande vya kofia za mpira za kuogelea, za rangi mbalimbali, vilivyokatwakatwa na kugandishwa pamoja, vikivutwa kwa kamba hadi pembe za chumba. Kila alipofikia aliweza kuifunga upya kwa umbo jingine. Mpira ukaoza, na baada ya miaka michache sanamu hiyo haikuwapo tena.

New York alibaki rafiki yake wa kucheza naye sataranji, Man Ray, mzaliwa wa Philadelphia mwaka 1890 aliyekulia Brooklyn. Huyu alikuwa mtu wa mikono. Mwaka 1918 alichukua kifaa cha jikoni cha kupigia mayai, akakiangaza kwa taa kali ya ubavuni, akakipiga picha pamoja na kivuli chake, akakipa jina *Mwanamume*. Kinachoshika jicho katika picha hiyo ni jinsi kivuli kilivyo na nguvu: magurudumu na mkono wa kifaa vimerudiwa ukutani kwa weusi ulio mzito kuliko chuma chenyewe, hata huwezi kusema kipi kimeungwa kwa kipi.

Miaka miwili baadaye Dreier, Duchamp na Man Ray walianzisha chama cha kuonyesha sanaa mpya, wakakiita Société Anonyme, wakapanga vyumba katika mtaa wa 47 Mashariki. Man Ray alileta chengeu ya taa ya karatasi, aliyoifumua na kuitundika kwa ncha moja. Karatasi, ikiachiliwa, ilijizungusha kuelekea chini na kugeuka taratibu kila hewa ilipopita. Kwa masimulizi yake mwenyewe, katika kitabu cha maisha yake kilichotoka mwaka 1963, kazi hiyo haikufika ufunguzi. Mfagiaji wa jengo aliiona, akadhani ni takataka za wapiga rangi, akaifinyanga na kuitupa. Simlaumu mfagiaji. Chengeu iliyofumuliwa, kabla taa haijawashwa, ni karatasi iliyopinda tu. Aliyeingia asubuhi hakuwa na namna ya kujua kwamba kazi ilikuwa ukutani. Man Ray hakugombana na mtu. Alitengeneza nyingine kwa bati, akaipaka rangi nyeupe, akaitundika palepale, na umbo la bati ndilo lililobaki katika historia.

Mwaka huohuo wa 1920 alitundika henga za nguo. Henga moja ikafungwa juu. Kwenye ncha zake mbili zikaning'inizwa mbili. Kwenye ncha za hizo zikaning'inizwa 4, kisha 8, kisha 16, kisha 32. Jumla ni 63. Aliiita *Kizuizi*, na alieleza kwamba mtu mwenye henga za kutosha angeweza kuendelea hadi chumba kizibike. Hesabu inatisha kidogo ukiifuata: safu ya saba ingehitaji henga 64, zaidi ya zote zilizotangulia zikijumlishwa. Lakini ukutani hesabu hiyo hupotea. Kivuli cha henga 63 hakihesabiki, kimekuwa kichaka. Henga za awali zilipotea. Zinazoonekana katika majumba ya makumbusho leo ni nakala zilizofanywa baadaye, nyingi zikiwa za mwaka 1964.

Wakati Man Ray anafunga henga New York, Mhungaria mmoja aliyejeruhiwa vitani alikuwa akiwasili Berlin bila pesa. László Moholy-Nagy alizaliwa mwaka 1895 katika kijiji cha kusini mwa Hungaria. Tangu 1922 alianza kufikiria mashine ambayo kazi yake ingekuwa kutoa mwanga na kivuli, basi. Alipokuwa akifundisha katika shule ya sanaa ya Bauhaus, Ujerumani, kati ya 1923 na 1928 aliendelea nayo kwenye karatasi, na mwaka 1930 ikaundwa kweli, kwa michoro ya mhandisi Mhungaria mwenzake, István Sebők, na kwa msaada wa kampuni ya umeme ya AEG. Ina urefu wa kama mita moja na nusu. Mota huzungusha jukwaa lenye mabati yaliyotobolewa matundu, nyavu, vioo, na mzunguko wa kioo uliopinda. Haikutundikwa, imesimama kwa miguu yake ya chuma, na katika simulizi hili ni mgeni kwa sababu hiyo. Lakini hakuna kazi iliyolijibu lile swali la kazi na chombo chake kwa ukali kama hii. Kwa Moholy-Nagy, chuma kilikuwa chombo. Aliwaza iwekwe ndani ya sanduku lenye tundu la duara na balbu za rangi, itumike jukwaani, na watazamaji waangalie kinachotendeka ukutani.

Ilionyeshwa mwaka huo katika Grand Palais mjini Paris, kwenye ukumbi wa Wajerumani uliosimamiwa na msanifu majengo Walter Gropius. Moholy-Nagy aliandika baadaye kwamba ilipowashwa kwa mara ya kwanza, yeye aliyeijua kila bolti alishtuka. Vivuli vilivyozaliana vilikuwa vingi na vya ajabu kuliko alivyovipangia, hata akakaribia kuamini uchawi. Aliipiga filamu fupi, mwanga mweusi, mweupe na kijivu, na kwenye filamu hiyo ni vigumu kabisa kutambua mashine ina umbo gani. Kisha Wanazi wakaingia madarakani. Alikwenda Uholanzi, akaenda London, na mwaka 1937 akafika Chicago. Mashine ilihama naye kila mahali, mzigo mzito wa chuma kwa mkimbizi. Alifariki mwaka 1946. Miaka 10 baadaye mjane wake, Sibyl, aliitoa kwa Chuo Kikuu cha Harvard.

Mmarekani Alexander Calder alikuwa na bahati ya kuanza upande mwingine. Alisomea uhandisi wa mitambo, akahitimu mwaka 1919, na mwaka 1922 alikuwa akifanya kazi katika chumba cha moto cha meli iliyotoka New York kwenda San Francisco. Asubuhi moja, nje ya pwani ya Guatemala, alilala sitahani akaamka kukiwa kunapambazuka: upande mmoja jua jekundu linatoka, upande mwingine mwezi bado unang'aa. Alikumbuka maisha yake yote kwamba vitu viwili vya duara vinaweza kukaa hewani vikitazamana bila kushikwa.

Paris, kuanzia mwaka 1926, alifanya jambo ambalo halikuwa na jina. Alichukua waya na koleo la mkono, akapinda sura za watu: Josephine Baker, Kiki wa Montparnasse, marafiki. Sura hizo zilikuwa mistari tu, zimetundikwa kwa uzi, zinageuka zenyewe. Kivuli cha kila moja ukutani kilikuwa mchoro kamili wa sura, na kadiri waya ulivyogeuka mchoro ulibadilika, pua ikirefuka, kidevu kikipotea, mtu akizeeka na kurudi ujana kwa zamu. Sioni sababu ya kuzitenga sura hizo na kazi zake kubwa za baadaye, ingawa wengi huzitaja kama mchezo wa ujana. Humo ndani mna kila kitu alichokuja kukifanya.

Oktoba 1930 alimtembelea mchoraji Piet Mondrian katika chumba chake cha kazi, Paris. Ukutani kulikuwa na vipande vya kadibodi vya mstatili, vyekundu, vya manjano, vya buluu. Calder akasema ingekuwa vizuri vikichezacheza. Mondrian, mtu makini sana, akajibu kwamba hapana, picha zake tayari zinakwenda kasi. Calder akaenda kuvichezesha mwenyewe. Mwaka uliofuata Duchamp, ambaye kwa wakati huo alikuwa amerudi Ufaransa, alipita kwake, akaona vitu vinavyozunguka kwa mota na kwa mkono, na akavipa jina: mobili. Jina limedumu hadi leo, hata kwa yale makaragosi yanayotundikwa juu ya vitanda vya watoto.

Mota Calder aliziacha karibu zote. Upepo ulitosha. Uzani wake ulikuwa wa fundi: fimbo ya waya, bati upande mmoja, kitu kidogo upande mwingine, na mahali pa kufunga uzi hutafutwa kwa kidole hadi fimbo itulie. Unaanza na fimbo ya chini kabisa, unapanda juu. Ndivyo mobili zinavyojengwa, kinyume na jicho linavyozisoma. Mwaka 1946 Duchamp, ambaye hakuacha kupenda sanamu za kukunjwa, alimshauri atume Paris kazi ndogo zilizofunguliwa vipande, kwa posta ya ndege. Zikafika, zikafungwa, zikaonyeshwa katika jumba la Louis Carré, na mwanafalsafa Jean-Paul Sartre akaziandikia makala. Sartre aliandika zaidi juu ya mwendo. Vivuli, vilivyokuwa vikitembea kuta zote kwa mwendo uleule uliokuzwa, vilibaki kama ziada ya bure.

Huko Milano, Bruno Munari alikuwa tangu 1933 akitundika kadibodi zilizopakwa rangi kwa nyuzi za hariri na kuziita mashine zisizo na faida. Baada ya vita alichukua kipande cha mraba cha wavu wa chuma, akakipinda, akakiunganisha pembe, akakining'iniza chumbani chenye giza kidogo na taa ya kukilenga. Wavu hutoa kivuli cha mistari. Wavu uliopinda hutoa mistari inayokatana, inayokusanyika na kuachana kadiri wavu unavyogeuka. Ni kazi ya gharama ndogo kuliko zote nilizozitaja, na mtu yeyote mwenye wavu wa banda la kuku anaweza kujaribu.

Aliyekwenda mbali zaidi kwa wavu na waya ni Gertrud Goldschmidt, aliyejulikana kwa jina la Gego. Alizaliwa Hamburg mwaka 1912 katika familia ya Kiyahudi yenye benki, akasomea usanifu majengo na uhandisi Stuttgart, akahitimu mwaka 1938, mwaka mbaya kuliko yote wa Myahudi kupata shahada Ujerumani. Ndugu zake walitangulia. Mwaka 1939 alifunga mlango wa nyumba ya familia, akautupa ufunguo mtoni Alster, akaondoka. Visa iliyopatikana ilikuwa ya Venezuela, nchi aliyokuwa haijui. Alifika Caracas, akafanya kazi kama msanifu majengo, akatengeneza samani na taa, akaolewa, akalea. Sanaa aliianza kwa bidii alipokuwa na miaka zaidi ya 40.

Mwaka 1969, katika Makumbusho ya Sanaa ya Caracas, aliifungua *Reticulárea*: chumba kizima kilichojaa wavu wa nyaya za chuma, uliofungwa kwa mkono, kipande kwa kipande, pembetatu zikishikana na pembetatu, ukishuka kutoka darini na kutokeza kutani. Watu waliingia ndani yake. Hakukuwa na mbele wala nyuma. Kwenye kuta nyeupe vivuli vya nyaya vilichanganyika na nyaya zenyewe hadi jicho likashindwa kutenganisha mstari unaogusika na usiogusika.

Lakini mimi nazipenda zaidi kazi zake za baadaye, alizozifanya kati ya 1976 na 1988 na kuziita michoro isiyo na karatasi. Ni vitu vidogo: mabaki ya waya, vipande vya chuma, springi za duka la vifaa vya ujenzi, vimefungwa pamoja na kutundikwa mbele ya ukuta kwa umbali kidogo. Umbali huo ndio siri. Kitu kikigusa ukuta, kivuli hufa. Kikiwa mbali mno, hufifia na kutanuka. Kwenye umbali wa Gego waya huwa mstari wa kwanza na kivuli chake mstari wa pili, laini, uliosogea kando. Mchoro ni vyote viwili. Hakuna bwana wala mtumwa. Ukuta umechukua kazi ya karatasi, na taa imechukua kazi ya penseli, na kama umeme ukikatika nusu ya mchoro inaondoka.

Paris ya miaka ya 1980 kivuli kilirudi kutisha. Christian Boltanski alizaliwa Septemba 1944, siku chache baada ya mji kukombolewa. Baba yake, Myahudi, alikuwa amepitisha sehemu ya vita akijificha chini ya sakafu ya nyumba yake. Mwaka 1984 Boltanski alikata vijisanamu vya kadibodi, bati na vizibo: mifupa, mashetani, watu walionyongwa. Alivitundika kwenye fremu ya waya, akaviangaza kwa taa ndogo, na feni ikavitikisa. Ukutani vilikuwa vikubwa kuliko mtu mzima. Mtazamaji aliviona vyote, vitu visivyozidi kiganja na vivuli vinavyomzidi kimo, na kujua hila yenyewe hakukupunguza hofu. Mwingine angeficha fremu. Boltanski aliacha ionekane, na nadhani hapo ndipo alipowazidi wengi.

Kuna tawi jingine, nalo linapendwa sana na wapita njia. Shigeo Fukuda, mbunifu wa Tokyo, aliunganisha uma, visu na vijiko 848 mwaka 1987. Ukivitazama ni rundo, ila taa ikiwa mahali pake kivuli ni pikipiki kamili. Mwaka 1998 Tim Noble na Sue Webster wa London walirundika takataka zao za miezi sita, na ukutani rundo likatoa watu wawili wameketi wameegemeana migongo, mmoja ana glasi, mwingine anavuta sigara. Ufundi wake ni mgumu kuliko unavyodhaniwa, kwani kila kipande hupimwa dhidi ya taa moja isiyosogea. Hata hivyo ni kitendawili chenye jibu moja. Ukishalipata, unaondoka.

Cornelia Parker, Mwingereza, hakutaka jibu. Mwaka 1991 alijaza kibanda cha bustani vitu vya kawaida vya kibandani, vingine vyake, vingine vya marafiki na vya mnadani: zana, vitabu, midoli, baiskeli. Kisha akaliomba Jeshi la Uingereza likilipue. Wanajeshi walikubali, na inaelekea walifurahia. Vipande vikaokotwa, mbao zilizochanika, mabati yaliyojikunja, vikapelekwa katika jumba la Chisenhale mashariki mwa London, na Parker akavitundika kimoja kimoja kwa waya kuizunguka balbu moja ya wati 200. Mlipuko ukasimama hewani. Jumba la Tate liliinunua mwaka 1995.

Balbu ile haina kofia wala kioo cha kuelekeza mwanga, na ipo katikati, si pembeni. Kanuni ni ileile aliyoitumia Boltanski: kilicho karibu na taa hutoa kivuli kikubwa, kilicho mbali hutoa kidogo. Kwa hiyo kipande kidogo cha mdoli kilicho ndani hufunika ukuta, wakati ubao mrefu ulio nje hutoa kivuli kisichozidi sana ukubwa wake. Mpangilio wa vitu na mpangilio wa vivuli vinapingana, na mgeni akizunguka, yeye naye ni kizuizi kingine. Mwaka 1992 Mona Hatoum, mzaliwa wa Beirut anayeishi London, alikwenda hatua moja zaidi: alipanga makabati 36 ya wavu wa chuma, yasiyosogea, na balbu ndiyo akaitundika na kuiendesha kwa mota, inapanda na kushuka polepole. Kuta zote huonekana kuhama. Wako wanaolazimika kushika kitu.

Anila Quayyum Agha alikulia Lahore, ambako msikiti ulikuwa mahali pa wanaume. Mwaka 2011, akiwa tayari anaishi Marekani, alitembelea kasri la Alhambra, Granada, akasimama chini ya nakshi zilezile za Kiislamu bila mtu wa kumwuliza anatafuta nini. Kutokana na safari hiyo alitengeneza sanduku la mbao la mraba, kama mita 2 kila upande, lililokatwa nakshi kwa leza, akalitundika katikati ya chumba na balbu moja ndani. Nakshi zikaenea kutani, sakafuni, darini, na juu ya nguo na nyuso za waliomo. Mwaka 2014, katika shindano la ArtPrize mjini Grand Rapids, kura za wananchi ziliipa ushindi, na waamuzi wa kitaalamu wakaipa ushindi vilevile, wakiugawa na kazi ya msanii mwingine. Hilo halikuwa limewahi kutokea. Kwa kawaida pande hizo mbili hazipendi vitu vinavyofanana.

Kazi zote hizi sasa zina tatizo moja lisilo la sanaa. Kuanzia Septemba 2009 Umoja wa Ulaya ulianza kuondoa sokoni balbu za zamani, zikianza zile za wati nyingi, na kufikia 2012 zilikuwa zimekwisha kupigwa marufuku kwa matumizi ya kawaida ya nyumbani. Sababu ni nzuri, maana balbu hizo hugeuza umeme mwingi kuwa joto. Lakini ule utepe mdogo uliowaka ndani ya kioo kisafi ulikuwa karibu na nukta moja, na nukta moja ndiyo inayochora kivuli chenye ukingo mkali. Taa nyingi za LED zina punje kadhaa za mwanga ndani ya kioo cha maziwa. Kila punje hutupa kivuli chake, vivuli hivyo hupandana vikipishana kidogo, na ukingo unakuwa na ngazi ngazi au ukungu. Anayetaka kutundika kitu leo anapaswa kutafuta LED yenye punje moja, isiyo na kifuniko cha kutawanya mwanga, na wauzaji wengi watamwambia hiyo inaumiza macho.